Ufundi wa Kukumbuka Kidogo

Simu inayotumika kando ya Barabara ya Kitaifa namba 5, pale Luvungi katika Bonde la Ruzizi, ina kazi ngumu kuliko simu ya mjini. Mtandao unakuja na kuondoka. Mara simu inashika mnara wa Kongo, mara inashika wa ng'ambo ya mto Ruzizi, na mwenyewe hajasogea hata hatua moja. Mtu anafungua tovuti ya kampuni inayouza paneli za jua. Inamfungukia kwa Kifaransa. Anachagua Kiswahili. Anaweka kikapuni paneli moja na betri yake, anataka kuangalia gharama ya kufikishiwa mzigo, na hapo hapo mtandao unakatika. Anatia simu mfukoni, anaendelea na shughuli zake. Baada ya dakika 20 anaifungua tena: tovuti bado iko kwa Kiswahili, paneli na betri bado zimo kikapuni.

Hakuna anayeshangaa, na hilo lenyewe ni sifa. Ila mimi huona kwamba ndani ya dakika hizo 20 kuna kazi ya kifundi inayofaa kutazamwa polepole, kwa sababu wavuti haikuzaliwa na kumbukumbu hata kidogo. Tim Berners-Lee alipoibuni huko CERN, Geneva, kati ya 1989 na 1991, aliifanya seva ijibu ombi moja kisha isahau yote. Ombi la pili likija, hata likitoka kwenye simu ileile sekunde moja baadaye, kwa seva ni la mgeni mpya kabisa. Usahaulifu huo ulikuwa na akili ndani yake. Wanasayansi walitaka kusomeana maandishi tu, na seva isiyobeba habari za mtu yeyote ni nyepesi, inahudumia wengi bila kuchoka.

Biashara ndiyo iliyoleta shida. Mwaka 1994 kampuni changa ya Netscape, huko California, ilikuwa na mteja, kampuni ya simu ya MCI, aliyetaka kuuza vitu kwenye wavuti lakini hakutaka mashine zake zijae manunuzi ya watu walioanza bila kumaliza. Jibu lilitoka kwa Lou Montulli, kijana ambaye kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Kansas, alikuwa mmoja wa watengenezaji wa Lynx, kivinjari cha maandishi matupu. Akasema: kumbukumbu ibebwe na mgeni mwenyewe. Seva impe kivinjari chake maneno machache ayatunze, na kila akirudi ayaonyeshe. Yeye na mwenzake John Giannandrea wakaandika kanuni za kwanza mwaka huohuo. Hicho ndicho kidakuzi, au kuki kama wengi tunavyosema. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ndogo mno: kujua kama anayefungua tovuti ya Netscape aliwahi kufika hapo.

Watu wa Bonde la Ruzizi hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Msimu wa mavuno, mpunga ukifika kwenye mashine ya kukoboa, magunia hurundikana na wenyewe ni wengi. Penye msongamano mwenye mashine hawezi kukariri nyuso. Gunia linaandikwa namba, nawe unapewa kikaratasi chenye namba ileile. Kikaratasi hakisemi wewe ni mtoto wa nani, umetoka Bwegera au Luberizi, wala kama una deni dukani. Ukirudi unakionyesha, unapewa mchele wako. Kidakuzi kilichotengenezwa vizuri hakizidi hapo: seva inatunza kikapu, kivinjari kinabeba namba yake.

Palikuwa na njia rahisi zaidi, na hapo ndipo ninapomheshimu fundi Montulli. Netscape wangeweza kukipa kila kivinjari namba moja ya kudumu, na kuitangaza kwa kila tovuti inayofunguliwa. Kazi ingekwisha kwa siku chache. Montulli ameeleza baadaye kwamba walilifikiria wazo hilo na kulikataa, kwa kuwa namba ya namna hiyo ingewezesha mtu kufuatwa kila aendako. Badala yake waliweka sheria kwamba tovuti inasoma kile tu ilichoweka yenyewe. Duka la paneli haliwezi kuona ambacho benki imekiweka ndani ya simu yako, wala benki haioni cha dukani. Kwa msomaji wa Luvungi jambo hili si la kinadharia. Hapa watu wameandikwa majina mara nyingi, kwenye foleni za misaada, kwenye kadi za uchaguzi ambazo nchini mwetu ndizo zinazofanya kazi ya kitambulisho, na wanajua kwamba orodha ikishatoka mkononi mwa aliyeiandika, haulizwi tena mwenye jina.

Sasa tuichukue kazi yenyewe mkononi. Pale mteja wetu alipoweka paneli kikapuni, seva ilituma kwenye simu yake mstari mmoja ambao yeye hakuuona:

Set-Cookie: kikapu=b7Qx94mZ; Path=/duka; Max-Age=1800; Secure; HttpOnly; SameSite=Lax

Huo ndio mwili wote wa kidakuzi. Nimekaa na mistari ya aina hii kwa muda mrefu kuliko inavyostahili mtu mwenye shughuli nyingine, na kila mara naona kitu kipya ndani yake.

Anza na b7Qx94mZ. Haina maana yoyote, na kutokuwa na maana ndiyo kazi yake. Fundi mvivu angeandika namba ya simu ya mteja, au angehesabu tu: mteja wa 1047, wa 1048, wa 1049. Basi yule wa 1047 akiwa mdadisi atabadilisha tarakimu moja na kujikuta ndani ya kikapu cha mwenzake, anasoma alichoagiza na anapoishi. Herufi za kubahatisha, na katika kazi halisi huwa ndefu kuliko hizi, zinamnyima mdadisi pa kuanzia.

Max-Age ni umri, kwa sekunde. Sekunde 1800 ni nusu saa. Hapa hakuna kanuni inayomwongoza fundi, ni busara yake tu. Akiweka dakika tano, mtandao wa bondeni utamwaibisha. Mteja atarudi akute kikapu kitupu na hatajaza tena. Akiweka mwaka mzima, anatunza kumbukumbu ambayo haina kazi. Wapo wanaoweka miaka kumi kwa sababu tu hakuna aliyewazuia, na ilibidi kivinjari cha Chrome, mwaka 2022, kiseme basi: zaidi ya siku 400 haiwezekani.

Secure inasema kidakuzi kisipite kwenye njia isiyofichwa, ambako yeyote aliye kwenye mtandao uleule wa wifi angeweza kukisoma kikipita. HttpOnly ilizaliwa Microsoft mwaka 2002. Inakificha kidakuzi kwa misimbo inayoendeshwa ndani ya ukurasa, ili hata mwizi akifaulu kupenyeza mstari wake humo, asikute cha kuchukua. SameSite ndiyo mdogo wao. Inazuia mtego mmoja mbaya sana: unafungua ukurasa wa mtu usiyemjua, na ukurasa huo, kimyakimya, unaamuru simu yako itume ombi dukani au benki, likiwa limebeba kidakuzi chako halali. Seva ingeona namba sahihi na kutii. Kwa neno hilo moja, Lax, ombi la kubadilisha kitu likitokea nje linafika mikono mitupu, lakini wewe ukibofya kiungo ulichotumiwa na rafiki bado unatambuliwa. Tangu Februari 2020 Chrome ilianza kukichukulia kila kidakuzi kisicho na alama hii kana kwamba kina Lax, na tovuti nyingi zilizotengenezwa ovyo zikajua siku hiyo kwamba zilikuwa wazi.

Nimeacha Path=/duka makusudi, kwa sababu watu huiruka. Inasema kidakuzi kitumwe tu pale mteja anapoomba kurasa za duka. Nani anajali? Anajali anayenunua mega chini ya mwavuli wa muuzaji. Kidakuzi hakitumwi mara moja. Kinatumwa na kila ombi linalokihusu, na ukurasa mmoja una maombi mengi: picha ya paneli, picha ya betri, nembo, mwandiko, rangi. Kivinjari kinatakiwa kumudu kidakuzi cha hadi baiti 4096. Kijaze kidakuzi hicho, ukurasa uwe na vipande 60 kutoka tovuti ileile, na tayari simu imepandisha karibu kilobaiti 245 kabla haijaonyesha bei hata moja. Toleo la pili la HTTP, yaani kanuni za mazungumzo ya kivinjari na seva, la 2015, linabana marudio hayo, lakini kumbukumbu yake ya kubania kwa kawaida ni baiti 4096, kwa hiyo kidakuzi kilichojaa hakiingii humo. Na hata kidogo kinachoingia, muunganisho ukikatika na kuanza upya kinatumwa kizima tena. Sehemu ambayo mtandao unakatika kila mara, basi, ndiyo inayolipia uzembe wa fundi kuliko nyingine zote. Yule aliyeandika Path=/duka na kuweka picha zake zote chini ya /picha amemaliza suala hilo kwa herufi tano. Picha zinasafiri bila kubeba chochote.

Kidakuzi cha lugha ni kidogo zaidi: lugha=sw. Hakina hata namba ya mtu. Ukivichukua vidakuzi vya Waswahili wote waliofungua tovuti hiyo, vyote ni sawasawa, havimtofautishi yeyote na mwingine. Na faida yake ni kubwa hapa mpakani, kwa kuwa tovuti nyingi hukisia lugha kwa kuangalia simu imetokea mtandao wa nchi gani, na simu ya Luvungi inaweza kuonekana ya nchi jirani asubuhi na ya Kongo mchana. Herufi nane zinamaliza ubishi.

Kuna jambo ambalo kidakuzi hakiwezi, na fundi mzuri halisahau: kinakitambua kivinjari, hakimtambui mtu. Simu moja nyumbani ina mikono mingi. Kaka anaagiza, mdogo wake anacheza nayo, shangazi anaazima apige picha. Tovuti inayomsalimu kwa jina yeyote aliyeishika imeshakosa adabu. Ndiyo maana kitufe cha Toka kinatakiwa kiwe mahali pa kuonekana, si kufukiwa ndani ya menyu ya tatu, na malipo yaombe namba ya siri upya hata kama kidakuzi bado hai.

Uharibifu wa ufundi huu unajulikana, nami sitaki kukaa nao. Picha ya tangazo iliyomo kwenye tovuti 1000 inatoka kwenye seva moja, na seva hiyo inaweka kidakuzi chake, kisha inakisoma katika zote 1000. Ile sheria ya kila tovuti na chake haikuvunjwa, ilizungukwa. Kanuni za vidakuzi za Februari 1997 zilivitaka vivinjari visiruhusu jambo hilo bila mwenyewe kutaka. Netscape na Microsoft hawakuzifuata. Kivinjari cha Safari kilifunga mlango huo kabisa Machi 2020. Mwaka huohuo Google iliahidi kufanya hivyo, kisha Julai 2024 ikabadili nia. Katikati ya hayo tukaletewa yale mabango ya kuomba ridhaa, yenye Kubali kubwa ya kijani na Kataa iliyofichwa. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema Oktoba 2019 kwamba kisanduku kilichotiwa alama tayari si ridhaa, na Januari 2022 Ufaransa ikatangaza kuitoza Google euro milioni 150 na Facebook milioni 60 kwa kufanya kukataa kuwe kugumu kuliko kukubali. Kongo nayo, tangu 13 Machi 2023, ina Kanuni ya Dijitali inayogusa data za watu. Tutaona itakavyotumika.

Sheria za Ulaya zenyewe haziombi ridhaa kwa kidakuzi ambacho huduma aliyoitaka mgeni haiwezi kwenda bila hicho, na kikapu ndicho mfano wake wa kawaida. Kwa hiyo duka letu halina haja ya kumziba mtu njia kwa maswali. Linatosha tangazo fupi chini ya ukurasa: “Tunatunza lugha uliyochagua, na kikapu chako kwa nusu saa. Hatujui jina lako mpaka uagize.” Kuliandika tangazo hilo kwa Kiswahili kinachosomeka ni sehemu ya kazi, sawa na kuandika mstari wenyewe. Wengi wanachukua karatasi ya wanasheria, wanaitafsiri kwa mashine, na matokeo yake hata mwanasheria hayasomi.

Hatua ya mwisho ni kufuta, na ndiyo inayowaangusha wengi. Hakuna amri ya kufuta kidakuzi. Seva inatuma kingine chenye jina lilelile na umri wa sifuri, Max-Age=0, nacho kinakufa kikifika. Lakini Path nayo lazima iwe ileile. Fundi akisahau /duka na kuandika / peke yake, kivinjari kinaona hiki ni kidakuzi kingine. Kinatupa kisichokuwepo na cha zamani kinabaki. Mteja amebofya Toka, ameambiwa kwaheri, na kikapu chake bado kinafunguka kwa atakayeazima simu baada yake. Kosa hili halionekani kwa macho. Fundi makini analitafuta mwenyewe: anajaza kikapu kwenye simu ya bei ndogo, anabofya Toka, anazima mtandao, anauwasha, anabofya kitufe cha kurudi nyuma, kisha anafungua orodha ya vidakuzi vya kivinjari na kuisoma jina kwa jina.