Sauti ya Mji Katika Kompyuta: Hifadhi ya Kiswahili cha Lubumbashi na Kazi ya Darasa

Tangu kompyuta ilipoingia katika vyuo vikuu, sifa yake imetajwa kuwa ni wingi: maandishi mengi kwa muda mfupi. Katika taaluma ya Kiswahili wingi huo umepatikana kweli. Helsinki Corpus of Swahili, kazi iliyoasisiwa na Arvi Hurskainen katika Chuo Kikuu cha Helsinki, ina maneno yapatayo milioni 25 katika toleo lake la pili. Mwanafunzi anayetaka kujua jinsi kiunganishi fulani kinavyotumika katika magazeti ya Tanzania huletewa mifano kwa mamia. Lakini mwanafunzi huyo akiwa mzaliwa wa Katuba au Kamalondo, akaandika «batu», «njo» au «shiye», maneno anayoyasikia kila siku, programu ya kusahihisha tahajia humpigia mstari mwekundu. Programu haina dharau. Imelishwa Kiswahili sanifu, basi. Hata hivyo, somo analolipata mwanafunzi ni kwamba lugha ya mtaani kwao ni kosa, na somo hilo hurudiwa kila anapokaa mbele ya kompyuta.

Ndiyo maana Archives of Popular Swahili, hifadhi iliyoanzishwa na Johannes Fabian na Vincent de Rooij wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, yastahili kuhakikiwa kama chombo cha kufundishia, wala si kama ghala la wanaanthropolojia peke yao. Fabian alifundisha Lubumbashi kati ya 1972 na 1974, na mazungumzo aliyoyarekodi katika miaka hiyo ni sehemu muhimu ya hifadhi. Yamo maelezo ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu juu ya picha zake za historia ya Zaire. Msomaji wa kitabu cha Remembering the Present, kilichotoka 1996, humfahamu Tshibumba kwa Kiingereza. Msomaji wa hifadhi humkuta akisema kwa Kiswahili chake, pamoja na Kifaransa kilichochanganyika humo, akirudia jambo, akijisahihisha, akijibu swali kwa swali. Hakuna mchapaji wa vitabu ambaye angekubali kugharimia kurasa zote hizo. Kwa hilo kompyuta imetenda haki.

Ubishi unaanzia kwenye maandishi ya André Yav. Mwaka 1965 Yav aliandika Vocabulaire de ville de Elisabethville, historia ya mji kama walivyoijua watumishi wa nyumbani, yaani maboyi. Maandishi hayo hayafuati tahajia ya shule: neno moja hukatwa vipande, maneno mawili hushikana, na vituo havimwonyeshi msomaji mahali pa kupumzika. Fabian alipoyachapisha mwaka 1990, macho peke yake hayakumtosha. Kalundi Mango aliyasoma kwa sauti, usomaji wake ukarekodiwa, kisha ukaandikwa upya; maelezo ya kiisimu yakatolewa na Walter Schicho. Kwa maneno mengine, maandishi yalirudishwa kwanza mdomoni ndipo yakaeleweka.

Jambo hilo lina maana kubwa kwa anayetaka kufundisha kwa kompyuta. Kompyuta inapoagizwa kutafuta neno hutafuta herufi zake. Neno lililoandikwa kwa namna tatu huhesabiwa kuwa maneno matatu, na lililokatwa katikati halionekani kabisa. Mwanafunzi akijenga hoja ya isimu juu ya hesabu ya namna hiyo katika maandishi ya Yav, atakuwa amepima mkono wa mwandishi, si lugha ya mji. Kasoro hii si ya hifadhi, ni ya matumizi. Lakini mwalimu asipoieleza, uzuri wa jedwali utamdanganya mwanafunzi mpaka siku ya kutetea tasnifu yake.

Kasoro ya hifadhi yenyewe ni nyingine. Unukuzi umekwisha kufanywa, tafsiri ya Kiingereza imewekwa kando yake, na msomaji wa Lubumbashi, ambaye masomo yake ya chuo ni ya Kifaransa, hualikwa kutazama. Yule ambaye angeweza kusema, «hapa mzee hakusema hivi», anageuzwa mgeni katika maneno ya babu yake. Mtaalamu wa mbali huhitaji unukuzi uliokamilika. Mwanafunzi wa Lubumbashi hunufaika zaidi na ule ambao bado haujakamilika.

Vyombo vya kazi hiyo vipo, tena havidai gharama kubwa. Simu ya mkononi hurekodi. Programu ya ELAN, iliyotengenezwa katika Taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, Uholanzi, hutolewa bure. Ikishawekwa katika kompyuta hufanya kazi bila intaneti, jambo lisilo dogo mahali ambapo intaneti hununuliwa kidogo kidogo. Huunganisha kila mstari wa unukuzi na kipande chake cha sauti, na huruhusu sauti ipunguzwe mwendo na kurudiwa. Wanafunzi watano wakipewa dakika mbili za mazungumzo ya sokoni, kila mmoja akanukuu peke yake, nukuzi tano zitatofautiana. Mmoja atakuwa ameandika «watu» pale sikio la mwenzake liliposikia «batu». Huyo hakukosa kusikia. Shule ilimsahihishia kabla hajaandika. Mwalimu akiirudisha sauti mbele ya wote, mjadala wa lugha sanifu na lugha ya mji unaanza kwenye ushahidi. Anayehofia kwamba kazi hiyo itaharibu Kiswahili sanifu na awasikilize wanafunzi wakibishana: hapana budi wazijue sarufi zote mbili.

Ni kazi ya kuchosha. Dakika hizo mbili huweza kula mchana mzima, na ratiba ya chuo haikupangwa kwa mwendo huo. Aidha, yapo mambo ambayo programu haiwezi kuyaamua: idhini ya mama aliyerekodiwa akiuza unga, na mahali pa kuweka nakala. Jina la Kalundi Mango limetajwa katika kitabu cha 1990 kwa sababu bila masikio yake kitabu kisingekuwapo. Nukuzi za darasani nazo zibebe majina ya waliozifanya, na nakala yake moja ikae Lubumbashi, katika maktaba ambayo mwanafunzi wa mwaka ujao anaweza kuifikia kwa miguu.