Kati ya mnada na simu ya mkulima

Mkulima wa Chiwata akifikisha korosho zake chama cha msingi, hamkuti mnunuzi. Gunia linapimwa, daraja linaandikwa, yeye anapewa stakabadhi na kurudi shambani, na mzigo unapelekwa ghala kuu kusubiri mnada wa MAMCU, chama kikuu cha Masasi, Nanyumbu na Mtwara. Mnunuzi pengine yuko Dar es Salaam, pengine India. Tangu msimu wa 2024/2025 mnada wenyewe unafanyika kwa mfumo wa kidijiti wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kangomba, yaani ununuzi wa kienyeji nje ya mfumo huu, ni kinyume chake: mwenye shida ya fedha leo anakutana uso kwa uso na mwenye fedha leo, na bei inatokana na haraka ya yule mwenye shida.

Programu za kupokezana ujumbe zilitungwa kuiondoa kangomba kwenye kompyuta. Mfumo mmoja ukiutaka mwingine uwe macho sekunde ile ile, huo mwingine ukizubaa, mifumo yote miwili inakwama. Ikiwekwa foleni katikati, wa kwanza unaacha ujumbe wake, unapewa uthibitisho kwamba umepokewa na kuandikwa kwenye diski, kisha unaendelea na kazi. Wa pili utauchukua ukiwa tayari. IBM imeliuzia soko la mabenki wazo hilo tangu 1993 kwa jina la MQSeries, leo IBM MQ. RabbitMQ ilikuja 2007, na Kafka, iliyozaliwa ndani ya LinkedIn, ikatolewa huria 2011.

Ajira za teknolojia hii ya foleni zina milango miwili. Msanidi anaandika programu zinazoweka na kuchukua ujumbe. Msimamizi anaitunza foleni yenyewe: seva, diski, vyeti vya usalama, ruhusa za nani aweke na nani achukue, nakala za akiba, na simu ya saa nane usiku. Vijana wanaotoka vyuoni huambiwa kwamba anayependa msimbo ashike njia ya usanidi, anayependa mashine ashike usimamizi. Naona ushauri huo unapima kitu kisichohusika. Kazi hizi zinatofautiana kwa aina ya kosa utakaloulizwa wewe, na hilo halionekani mpaka uifuate fedha kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tuseme malipo ya mnada yameingia kwenye akaunti ya mkulima wetu, naye anamtumia dada yake aliyeko Newala shilingi 200,000 kutoka benki kwenda kwenye simu. Benki na mtandao wa simu ni taasisi mbili, kwa hiyo muamala unapita TIPS, Mfumo wa Malipo ya Papo kwa Papo wa Benki Kuu ya Tanzania. TIPS ilijengwa juu ya Mojaloop, programu huria iliyotolewa 2017 kwa ufadhili wa Gates Foundation, na Mojaloop hupitisha ujumbe wake wa ndani kwa Kafka.

Msimbo wa Mojaloop uko wazi kwa yeyote, hivyo njia yake inafuatika hatua kwa hatua. Ombi la benki likifika linawekwa kwenye mada, yaani foleni ya Kafka, iitwayo topic-transfer-prepare. Programu ya kwanza inalichukua na kulikagua: namba ya muamala huu imewahi kuonekana? Muda wake umekwisha? Likivuka hapo linahamia topic-transfer-position, ambako kiasi kinatengwa upande wa benki inayotuma. Hakijakatwa, kimeshikwa tu. Ndipo kampuni ya simu inapoulizwa, nayo ikikubali inarudisha ufunguo ambao ukipitishwa kwenye hesabu ya SHA-256 lazima utoe alama ile ile iliyokuja na ombi. Jibu hilo linaingia topic-transfer-fulfil, kilichoshikwa kinahesabiwa kimelipwa, na taarifa zinarudi pande zote mbili. Jibu likichelewa kupita muda uliowekwa, kilichoshikwa kinaachiwa.

Sasa mawasiliano yakatike baada tu ya ombi kupokewa. Benki haina njia ya kujua kama lilifika, kwa hiyo italituma tena. Waandishi wa Mojaloop waliliona hilo mapema: kila ombi linahifadhiwa kwa namba yake pamoja na alama ya maudhui yake. Ikija namba ile ile na maudhui yale yale, mfumo unajua ni marudio na haulipi mara ya pili. Ikija namba ile ile lakini kiasi kimebadilika, ombi linakataliwa. Kinga hiyo haiwezi kuongezwa baadaye na msimamizi kwa kubadili mipangilio ya seva, hata awe hodari namna gani. Foleni kwa kawaida inaahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja. Kuhakikisha kwamba shilingi 200,000 hazitoki mara mbili ni deni la aliyeandika programu.

Lakini msanidi aliyeyaandika yote hayo vizuri bado anaweza kulizwa na mwenzake. Mada ya Kafka hugawanywa katika mafungu ili programu kadhaa zisome kwa wakati mmoja. Ujumbe wa akaunti moja huangukia fungu moja akaunti ikiwa ndiyo ufunguo, kwa sababu Kafka huufanyia hesabu ufunguo wa ujumbe na kugawanya kwa idadi ya mafungu. Ndani ya fungu, aliyetangulia husomwa kwanza. Msimu wa korosho unakaribia, miamala itaongezeka, na msimamizi mwenye nia njema anaongeza mafungu kutoka 6 hadi 12. Ni amri moja tu, na Kafka inaikubali bila kunung'unika. Kumbe kigawanyo kimebadilika: ujumbe mpya wa akaunti ile ile unaweza kuangukia fungu jingine huku wa zamani ukisubiri kwenye fungu la awali, na wa pili ukasomwa kabla ya wa kwanza. Mafungu yakishaongezwa hayapunguzwi. Itabidi mada mpya.

Kwenye IBM MQ mpaka kati ya kazi hizi mbili ni mwembamba zaidi, na ndipo ugomvi unapopatikana. Programu inachukua ujumbe wa malipo, inakuta tarehe imeandikwa ovyo, inaanguka. MQ inaurudisha ujumbe kwenye foleni, kama ilivyoagizwa. Programu inawaka upya, inauchukua ule ule, inaanguka tena. Nyuma yake wamesimama watu ambao tarehe zao hazina kosa lolote. Sasa, MQ huhesabu kila mara ujumbe unaporudishwa, na foleni ina sehemu ya kuweka kikomo, BOTHRESH, pamoja na jina la foleni ya kando ya kuhamishia ujumbe mbovu. Wengi hudhani kwamba kikomo kikishawekwa, MQ yenyewe itauhamisha. Haiuhamishi. Msimamizi anaandika kikomo, lakini ni programu inayopaswa kuisoma hesabu, kuilinganisha na kikomo hicho, na kuuondoa ujumbe njiani. Maktaba ya JMS ya IBM, ya wanaoandika kwa Java, humfanyia msanidi kazi hiyo. Aliyeandika kwa lugha ya C kwa amri za msingi aiandike mwenyewe. Isitoshe, kikomo cha kuanzia ni sifuri, yaani hakuna kikomo. Msimamizi akiacha sifuri, programu nzuri haina cha kulinganisha nacho. Msanidi akipuuza hesabu, kikomo cha msimamizi ni pambo. Foleni inazidi kujaa mpaka ujumbe 5,000, kiwango cha kuanzia, na baada ya hapo kila anayejaribu kuweka anapata kosa 2053: foleni imejaa. Kwenye kikao cha asubuhi msanidi atasema MQ imekwama, msimamizi atasema programu ni mbovu, na kila mmoja atakuwa amesema nusu ya kweli.

(Kosa linalovunja urafiki zaidi ni 2035, huna ruhusa. Tangu toleo la 7.1 la mwaka 2011, MQ mpya huja ikiwa imefunga milango mingi yenyewe, na wapo wasanidi wanaotaka yote ifunguliwe "kwa muda tu". Msimamizi anayekubali anajitafutia balaa.)

Huku kusini mambo haya si ya kitaalamu tu. Aprili 2013 nyumba zilichomwa Liwale baada ya malipo ya pili ya korosho kuja pungufu ya matarajio. Kompyuta haikuhusika pale, ila anayejenga au kutunza mfumo wa malipo ya mazao ajue kwamba ujumbe uliokaa siku tatu kwenye foleni ya kando bila mtu kuuangalia ni mkulima anayeamini ameibiwa. Na kuiangalia foleni hiyo kila asubuhi ni kazi ambayo mara nyingi haimo kwenye maelezo ya kazi ya yeyote kati ya hao wawili.

Tuje kwenye soko la ajira. Nafasi za usanidi ni nyingi zaidi, na nyingine mtu anaweza kuzifanya akiwa Masasi mjini ilimradi ana umeme na bando. Za usimamizi ni chache, na ziko karibu zote Dar es Salaam na Dodoma: mabenki, kampuni za simu, taasisi za serikali. Tena zinabanwa. Amazon ilianza kuuza huduma ya foleni iliyotunzwa tayari, Amazon MQ, mwaka 2017, na wengine wanayo yao. Kampuni ndogo inayokodi huduma hiyo haimhitaji mtu wa kuongeza diski usiku. Wanaosema usimamizi unakufa hutegemea hoja hiyo.

Sikubaliani nao, angalau kwa hapa kwetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na taasisi za fedha zina sababu zao za kutaka seva wanazoweza kuzigusa. Halafu kuna Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mfumo uliotegemea jibu la papo hapo kutoka seva ya ng'ambo ulisimama pamoja na nyaya. Ujumbe uliokuwa umeandikwa kwenye diski ya hapa nchini ungeweza kusubiri. Mtu wa kuhakikisha kwamba diski hiyo ina nafasi ya kupokea mzigo wa siku nzima ni msimamizi, na lazima awe amepiga hesabu hiyo kabla ya siku yenyewe.

Kwa hiyo kijana akiniomba ushauri, namwambia aanzie usimamizi akiweza kuupata, akae miaka miwili au mitatu, kisha ahamie usanidi. Msanidi mpya hupewa kona moja ya programu na hapo ndipo macho yake yanapoishia. Msimamizi mpya hupitiwa na makosa ya programu zote. Ila asizeekee pale. Ujuzi wa msimamizi umefungwa kwenye bidhaa, na bidhaa hubadilika bila kumuaga: waliobobea kuitunza ZooKeeper, iliyokuwa sharti la kuendesha Kafka, waliikuta imeondolewa kabisa kwenye Kafka 4.0 mwaka 2025. Aliyejifunza kumtambua mteja anayetuma ombi moja mara mbili bado anautumia ujuzi huo popote. Mwenye familia changa, au asiyevumilia kuamshwa usiku, aanze moja kwa moja na usanidi. Si aibu, ila aombe kukaa zamu ya usiku na wasimamizi angalau mara chache.

Kazi zote mbili unaweza kuzionja kabla ya kuajiriwa. Kafka ni huria, na IBM hutoa bure toleo la MQ la kujifunzia. Kompyuta ya mkononi yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha. Tengeneza foleni yenye kina cha ujumbe 10, uijaze mpaka 2053 itokee. Andika, kwa C na amri za msingi, programu inayoanguka kila ikikuta ujumbe wa tatu, uiache izunguke huku BOTHRESH ikiwa sifuri. Kisha weka kikomo cha 3 na uone kwamba hakuna kilichobadilika. Hapo utaanza kutafuta sababu. Kama mkono wako ulikwenda kwanza kwenye kumbukumbu za MQ, omba nafasi ya usimamizi; kama ulikwenda kwenye msimbo wako mwenyewe, tayari umeshaanza kuandika ile mistari michache ya kuuhamisha ule ujumbe.