PEDro: Nane kwa Kumi ya Nini?

Tuseme unasomea tiba ya viungo, na mbele yako kaketi mama mwenye maumivu ya mgongo ya miezi sita. Kila kikao analipa kutoka mfukoni. Umpe mazoezi, au umwekee mashine ya mawimbi ya sauti? Mwalimu atakwambia: "Nenda PEDro."

Ushauri mzuri. PEDro ni kanzidata ya bure iliyoanzishwa Sydney, Australia, mwaka 1999. Ina miongozo ya tiba, mapitio ya tafiti na majaribio ya fiziotherapia, zaidi ya 60,000 kwa jumla. Majaribio hupewa alama, kuanzia 0 hadi 10. Mimi ugomvi wangu uko hapo kwenye alama.

Hebu tuone zinavyopatikana. Wagonjwa waligawanywa kwa nasibu? Alama moja. Aliyepima matokeo hakujua nani alipata tiba ipi? Moja. Zaidi ya asilimia 85 walipimwa hadi mwisho? Moja. Umegundua kitu? Hakuna swali linalouliza mgonjwa alipata nafuu kiasi gani! Jaribio linaweza kupata 8 kwa kuonyesha, kwa uangalifu mkubwa, kwamba tiba haisaidii. Hiyo nane ni ya watafiti, si ya tiba.

Kuna jingine. Alama mbili zinatolewa kwa kuficha: mgonjwa asijue anapata tiba ipi, na mtaalamu asijue anatoa ipi. Kwenye mashine hilo linawezekana, maana iliyozimwa inaweza kufanana na iliyowashwa. Lakini mtu anayefanya mazoezi utamfichaje kwamba anafanya mazoezi? Kwa hiyo jaribio la mashine linaweza kulipita la mazoezi kwa alama, hata kama mazoezi ndiyo yanayosaidia.

Tuwatendee haki: PEDro wenyewe wanaonya kwamba alama kubwa haimaanishi tiba inafaa. Pia kwenye matokeo huweka miongozo na mapitio juu ya majaribio. Tatizo ni kwamba hivyo viwili havina alama, na mwanafunzi mwenye haraka macho yake hukimbilia namba.

Wewe usikimbie. Anzia juu. Mapitio ya Cochrane ya 2020 hayakupata ushahidi wa kuunga mkono mawimbi ya sauti kwa maumivu sugu ya mgongo. Yale ya 2021, yaliyokusanya majaribio 249, yaliona kwamba mazoezi huenda yanapunguza maumivu hayo kwa takriban pointi 15 kati ya 100, ukilinganisha na kutotibiwa. Si muujiza, lakini ni nafuu, na mama anaweza kuyaendeleza nyumbani bila kulipa kikao.

Kwa hiyo tumia PEDro, tena sana. Ila ukiona 8/10, jiulize kwanza: nane ya nini?