Lancia Walikosea Kabla Hawajaondoka Nairobi

Picha zile mmeziona, na wengi wenu mnazo kwenye simu: Safari Rally ya mwaka 1986, Lancia 037 yenye rangi za Martini imefunikwa vumbi, Markku Alén kwenye usukani, Ilkka Kivimäki kando yake. Walimaliza wa tatu. Kila mara picha hizo zinapozunguka tena hapa Baraka, nasikia maelezo yaleyale: bahati mbaya, barabara mbovu, Toyota walijipanga vizuri zaidi. Mimi nasema rali ile Lancia waliipoteza siku walipochagua gari la kupeleka Kenya.

Mwezi Machi mwaka huo walikuwa na magari mawili. La kwanza ni hiyo 037, iliyozaliwa 1982: silinda nne katikati ya gari, supachaja ya Volumex, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. La pili ni Delta S4. Hii ilikuwa imeshinda rali yake ya kwanza kabisa, RAC ya Uingereza, Novemba 1985, mikononi mwa Henri Toivonen, na Januari akaenda nayo kushinda Monte Carlo. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,759 ilikuwa na Volumex na turbo ya KKK kwa pamoja. Supachaja ilifanya kazi mzunguko wa injini ukiwa chini, turbo ikapokea ukipanda. Wahandisi wa Abarth, waliolitengeneza gari hilo, hawakuweka vyote viwili kwa mapambo. Walishajua supachaja peke yake imefika mwisho wake. Halafu kampuni hiyohiyo, yenye jibu ndani ya gereji yake, ikaliacha jibu Italia na kuleta swali la zamani kwenye milima ya Kenya.

Hebu tuiangalie hewa yenyewe, maana hapo ndipo kosa lilipo.

Supachaja huendeshwa na kranki kwa mkanda. Kranki ikizunguka mara moja, rota za Volumex zinasukuma ujazo uleule wa hewa, uwe ufukweni au juu ya mlima. Ni kibaba tu: kinapima ujazo, hakijui kama kilichomo ni kizito au chepesi. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na njia za Safari zinapanda miinuko ya Bonde la Ufa hadi kupita mita 2,000. Kwenye mita 2,000 shinikizo la hewa limebaki kama asilimia 78 ya lile la pwani. Injini iliyopangwa kupokea presha ya bar 2 kamili ikiwa Mombasa, kule juu inapokea kama 1.6. Huwezi kumwambia dereva akanyage zaidi, kwa sababu uwiano wa puli umefungwa na fundi kabla ya kuondoka. Na wakati huo mkanda bado unadai haki yake kwenye kranki, na rota za aina ile, ambazo hazigandamizi hewa ndani yake bali huisukuma tu mbele, zinaipasha moto kuliko inavyostahili. Hewa kidogo, tena ya moto. Hicho ndicho chakula walichompa Alén.

Turbo inaishi kwa moshi wa ekzosi ambao vinginevyo ungetupwa. Chini, kwenye hewa nzito, vali yake ya ziada inafunguka na kuachia sehemu ya moshi ipite pembeni. Gari likipanda na hewa ikipungua, vali inajifunga zaidi, turbini inazunguka kwa kasi zaidi, presha inarudi pale ilipotakiwa. Ina kikomo, maana turbini haiwezi kukimbizwa bila mwisho, na joto lake linachoma mafuta ya kulainishia mafundi wakizembea. Lakini kwa miinuko ya Kenya kikomo hicho kinatosha kulipa sehemu kubwa ya deni la hewa.

Anayeendesha kutoka Baraka kupanda Fizi hahitaji kitabu kulielewa hili. Kando ya Ziwa Tanganyika tuko chini kidogo ya mita 800. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ isiyo na turbo inakwenda vizuri ikiwa imejaa watu na magunia. Ielekeze kwenye nyanda za juu za Minembwe uone: gia inashuka, moshi mweusi unatoka, kwa sababu mazutu yanaingia kwa kipimo kilekile na hewa ya kuyachoma haipo. Yenye turbo ya kiwandani inaipita kwenye mlima uleule.

Na hapa sitawanyamazia wale mafundi wanaobandika turbo ya kuokota kwenye 1HZ halafu wanamwambia mwenye gari amepata injini mpya. Injini ile ina mgandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1 na inachomea mazutu kwenye chumba cha pembeni. Toyota wenyewe walipotaka turbo kwenye ukubwa ule walitengeneza 1HD-T, wakaingiza mazutu moja kwa moja juu ya pistoni na kushusha mgandamizo hadi 18.6. Presha ya turbo inataka injini iliyoandaliwa kwa ajili yake. Nimelisema hili mara nyingi na nitalirudia hadi pistoni ziache kuyeyuka.

Nirudi Safari. Utetezi wa kwanza wa Lancia ni kwamba turbo za miaka ile zilichelewa kuamka, na supachaja ilijibu papo hapo. Kweli, na ndiyo sababu 037 ilitawala Corsica, ambako Alén alishinda 1983 na 1984, kona baada ya kona. Ubingwa wa watengenezaji wa 1983 ulikuwa wa haki kabisa. Lakini Safari si Corsica. Kule mguu unabaki chini kilomita nyingi, na turbo ikishaamka hailali. Madereva wa Skandinavia walikuwa wanajua kubonyeza breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kulisha injini.

Utetezi wa pili ni kwamba S4 ilikuwa tata mno kwa Afrika. Mwezi Agosti mwaka uleule S4 zilishika nafasi ya kwanza na ya pili kwenye changarawe za Argentina, Miki Biasion mbele, Alén nyuma yake. Gari linaloweza hayo lilistahili kujaribiwa Nairobi.

Wa tatu ndio unaonikera kuliko yote: kwamba kila kitu kinaamuliwa na kuvuta magurudumu manne. Toyota Celica Twin Cam Turbo ilisukuma kwa magurudumu ya nyuma tu, injini mbele, ekseli ngumu nyuma kama pikapu. Ilishinda Safari 1984, 1985 na 1986 mfululizo. Mwaka huo wa 1986 Björn Waldegård na Fred Gallagher walikuwa wa kwanza, Lars-Erik Torph wa pili, Erwin Weber wa nne. Peugeot 205 T16 ya Juha Kankkunen, yenye turbo na magurudumu manne, ilikuwa ya tano. Basi kati ya Celica na 037, zote mbili zikisukuma nyuma, tofauti kubwa tuitafute wapi kama si kwenye namna ya kuingiza hewa?

Ove Andersson, aliyeongoza timu ya Toyota kutoka Cologne, alikuwa ameshinda Safari mwenyewe mwaka 1975 na Peugeot 504. Mtu wa namna hiyo anachagua gari akiwa na mlima kichwani. Miaka ya karibuni madereva Ogier na Rovanperä walishinda Kenya kwa injini za lita 1.6 zenye turbo isiyolala kabisa, na ni hodari. Lakini hatua zao zenye saa hazikufika kilomita 400, wakati Waldegård alimaliza zaidi ya kilomita 4,000 kwenye barabara zilizo wazi kwa malori na ng'ombe.

Katika miaka yote ya Safari kwenye ubingwa wa dunia, hakuna gari lenye supachaja lililoshinda. Lancia wenyewe walilielewa baadaye. Biasion alishinda 1988 na 1989, Kankkunen 1991, wote kwa Delta Integrale yenye turbo tupu. Injini yake ilikuwa na pistoni za milimita 84 na mwendo wa milimita 90, jumla sentimita za ujazo 1,995: vipimo vilevile ambavyo 037 ilitoka navyo kiwandani mwaka 1982. Volumex ilikuwa imeondolewa.