Ukuta Usiokubali Haraka

Mgeni anayelala hotelini katika Mji Mkongwe wa Zanzibar mara nyingi huwa amelala ndani ya nyumba iliyojengwa kwa shughuli nyingine kabisa. Serena ya Shangani ilikuwa jengo la simu za nje na makazi ya daktari wa Kichina. Park Hyatt imeingia Mambo Msiige, jumba la karne ya 19. Hoteli ndogo za vichochoroni nazo nyingi zilikuwa nyumba za ukoo. Ndiyo maana ukarabati hauishi huku: nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na kila masika yakipita huacha kazi ya kufanya.

Hoteli niliyofikia safari hii imo katikati ya mji huo. Ghorofa ya juu ilikuwa na wageni, ya chini wamekabidhiwa mafundi. Mapokezi waliniomba radhi mapema kwa vumbi na kelele, bei ikapunguzwa. Mimi nikajikuta nashuka kila asubuhi kabla ya chai kwenda kuangalia ukuta wa ukumbini, uliokuwa umevuliwa lipu yote hadi mawe yakabaki wazi.

Ukuta ukiwa hivyo husomeka. Mawe hayalingani hata mawili. Kuna makubwa, kuna ya kiganja, na katikati yake vijiwe vilivyosukumwa ili kuziba mianya. Upande wa dirishani palikuwa na kiraka cha saruji, kigumu na cha kijivu, cha ukarabati wa zamani. Fundi alipokibandua kikatoka kizima, na nyuma yake jiwe lilikuwa limelowa na kujaa unga mweupe wa chumvi. Maji hupanda kutoka ardhini, tena bahari iko karibu. Chokaa ina vinyweleo, huyaachia maji yakatoka taratibu. Saruji huyafungia ndani, na unyevu ukikosa njia huhamia kwenye ncha za boriti zilizozikwa ukutani, zikaanza kuoza bila mtu kuona.

Chokaa yenyewe huanza safari mbali na mji. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa hadi joto la nyuzi 900 hivi. Kinachobaki humwagiwa maji, nayo hutokota na kufuka mvuke kama chungu jikoni. Baada ya hapo huachwa shimoni ikiwa imefunikwa maji, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa laini. Ya hoteli hii ilikuwa imelazwa tangu kabla ya kazi kuanza. Mafundi waliichota kwa koleo, nzito na nyororo, wakaichanganya na mchanga.

Fundi mkuu alikuwa mtu mzima wa maneno machache. Kabla ya kugusa ukuta aliunyunyizia maji, akasubiri, akanyunyizia tena, kwa sababu jiwe kavu hunyonya maji ya chokaa na kuiacha ikimeguka. Kijana wake alipoleta mchanganyiko, mzee aliuchota kwa mwiko, akaugeuza mwiko chini juu. Chokaa ikaning'inia kidogo, kisha ikadondoka. Akaurudisha ukapondwe zaidi. Ulipoletwa mara ya pili ukashika, hapo ndipo alipoanza kuurusha ukutani kwa nguvu ya kifundo cha mkono ili uzame ndani ya mianya. Penye shimo kubwa alitomea vijiwe kwanza, maana chokaa nene ikiachwa peke yake hupasuka.

"Mzee, tabaka la pili leo?" nilimuuliza siku iliyofuata.

"Ah, bado mwanangu. Njoo ubonyeze."

Alinionyesha kipimo chake. Kidole gumba kikibonyeza kisiache shimo, lakini ukucha ukikwaruza uache alama: hapo ukuta uko tayari kupokea tabaka jingine. Kabla ya hapo, magunia yaliyoloweshwa hutundikwa mbele yake ili jua na upepo visiukaushe kwa pupa. Chokaa haigandi kama saruji, kwa saa chache. Huvuta kaboni dioksaidi kutoka hewani, siku kwa siku, mpaka inarudi kuwa jiwe la asili ile ile iliyochomwa tanurini. Tabaka la mwisho, niru, huwa jembamba, husuguliwa hadi ukuta unang'aa bila rangi.

Kazi hii ina mshirika asiyeshika mwiko, naye ni mwenye hoteli. Chumba kisicholaza mgeni hakiingizi kitu, na saruji ingemfungulia milango mapema. Aliyekubali magunia yale yaning'inie wiki baada ya wiki amelipia ufundi mara mbili, kwa fedha na kwa subira. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, lakini cheti hakishikilii ukuta. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafa.

Kwa hiyo, mwenye nyumba ya mawe, iwe ya urithi au ya biashara, amwite fundi wa chokaa kabla ya kununua mfuko wa saruji. Na amtafutie vijana wa kumfuata, kwa kuwa kupima ukuta kwa ukucha hujifunzwa pembeni ya anayejua. Nawe mgeni, ukiambiwa chumba bado hakijakauka, kubali cha juu. Hoteli inayokuambia hivyo inajua kazi yake.