Dakika Kumi za Kabureta

Asubuhi ya Januari huko Winnipeg au Minneapolis, nyuzi 25 chini ya sifuri, magari hunguruma mbele ya nyumba bila mtu ndani. Wenyewe bado wanakunywa chai. Wameyawasha kwa rimoti na watayaacha yapate moto dakika kumi, wengine robo saa. Mtu aliyejifunzia gari Nairobi au Mbeya akihamia huko haoni ajabu, kwa sababu hata kwao dereva wa zamani hakuthubutu kuondoa gari asubuhi kabla ya kulipasha. Desturi hiyo ilikuwa na sababu ya kiufundi kabisa. Sababu iliondoka na kabureta, dakika zikabaki.

Petroli ikiwa majimaji haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake. Katika injini ya baridi sehemu kubwa ya petroli iliyotoka kwenye kabureta ilikuwa inanata kwenye kuta za manifoldi kabla ya kufika silinda, na kilichofika humo kilikuwa hewa nyingi na mafuta kiduchu. Ndipo ikawekwa choki, kifuniko kinachobana njia ya hewa ili petroli izidi. Dereva wa Land Rover ya zamani alivuta nobu ya choki, akapiga stata, kisha akairudisha kidogo kidogo kadiri injini ilivyopata moto. Akiirudisha mapema gari linakatakata na kumzimikia njiani. Akiisahau plagi zinajaa masizi. Kusubiri pale hakukuwa ushirikina. Hata leo, mwenye bodaboda ya kabureta kule Njombe au Limuru anayepandisha kijiti cha choki asubuhi ya Julai anafanya sawasawa.

Gari la injekta limeshalitatua tatizo hilo lenyewe. Kabureta zilikuwa karibu zimetoweka kwenye magari mapya ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nafasi ya mkono wa dereva ilichukuliwa na sensa ya joto la maji ya injini. Kompyuta ikisoma kwamba ni baridi, inaziacha injekta wazi kwa muda mrefu zaidi na kupandisha sailensi, kisha inaishusha taratibu. Mzunguko ukitulia, gari lina uwezo wa kuondoka.

Lakini ile petroli ya ziada haipotei, na hapa ndipo kupasha kwa muda mrefu kunapoanza kula injini badala ya kuilinda. Chuma cha silinda bado ni baridi, kwa hiyo matone mengine hayageuki mvuke. Yanatua kwenye ukuta wa silinda, mahali penye utando mwembamba wa oili ambao ringi za pistoni huteleza juu yake, na petroli ni kiyeyushi kizuri cha oili. Utando unaoshwa, ringi zinasugua chuma kikavu, na petroli inateremka hadi kwenye sampo na kuifanya oili yote iwe nyepesi. Maji nayo, yanayozaliwa kila petroli inapoungua, hugandia humo humo. Fungua kifuniko cha kujazia oili cha gari linalowashwa mara nyingi bila kufika mbali wakati wa baridi: mara nyingi utakuta utando mweupe unaofanana na krimu. Ni maji na oili vilivyokorogana, na havitatoka mpaka oili yenyewe ipate moto vya kutosha.

Sasa hesabu. Injini ndogo ikiwa kwenye sailensi huunguza kama lita moja ya petroli kwa saa, au pungufu. Gari hilohilo likienda kilomita 50 kwa saa, kwa ulaji wa lita 7 kwa kilomita 100, linaunguza lita 3 na nusu kwa saa. Joto linatokana na mafuta yanayoungua, hakuna chanzo kingine, kwa hiyo injini inayofanya kazi hutoka kwenye hatari mapema zaidi. Isitoshe, kusimama hakuipashi giaboksi, difu, beringi za magurudumu wala tairi. Mamlaka za nishati na mazingira za Marekani zinashauri nusu dakika hivi, halafu uondoke polepole bila kupiga resi. Nakubaliana nazo. Hiyo nusu dakika ni ya oili: pampu iivute kutoka kwenye sampo na kuifikisha juu kwenye kemshafti.

Oili ndiyo inayostahili wasiwasi wa baridi, pamoja na betri, ambayo katika nyuzi 18 chini ya sifuri hubakiwa na karibu nusu tu ya uwezo wake. Namba iliyo mbele ya herufi W kwenye kopo inatokana na vipimo vya baridi. Oili ya 20W hupimwa kama stata itaweza kuizungusha kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, 10W kwenye 25 chini, 0W kwenye 35 chini. Kwa kipimo hicho, baridi ya Makete inayofanya watu waote moto mchana haijaifikia hata 20W. Huko Winnipeg kutia 20W ni kosa la gharama kubwa.

Waliopambana na baridi ya kweli walikwenda kwenye mzizi: kuupasha moto mtambo kabla haujazunguka. Mwaka 1949 Andrew Freeman wa Grand Forks, North Dakota, alipata hataza ya hita ya umeme inayofungwa mahali pa boliti mojawapo ya silinda hedi. Hita za siku hizi hukaa kwenye bloku na kupasha moto maji ya injini. Ndiyo maana Fairbanks, Alaska, magari yana waya wenye plagi ya umeme unaoning'inia mbele, na maegesho ya kazini yana soketi. Huko Yakutsk, Siberia, wengine huifunika injini kwa blanketi nene au kuliacha gari likiunguruma siku nzima, jambo ambalo mwenye hita ya Freeman hahitaji kulifanya.

Zipo sababu mbili za kusubiri ambazo sibishani nazo. Kioo chenye barafu hakionyeshi barabara, ingawa kikwaruzio hufanya kazi hiyo haraka kuliko feni, na gari lililo ndani ya banda lililofungwa lisiwashwe kabisa, maana kaboni monoksidi huua bila kunusika. Ya pili ni ya malori. Dereva aliyelala Makambako anapowasha alfajiri na kukaa akitazama geji, hasubiri injini ipate moto. Anasubiri upepo ujae kwenye matangi, kwa sababu bila huo breki za maegesho haziachii, na zile za mguu hazina nguvu ya kulisimamisha lori lenye mzigo.