Akogo na Mpaka: Maoni juu ya Mihadhara ya Historia Busia na Tororo

Kusimuliwa historia ya nchi yako bila kutozwa kiingilio ni neema, na mihadhara ya wazi niliyoihudhuria wakati wa likizo ya shule, mara Busia mara Tororo, ilistahili makofi iliyopigiwa. Viti vilijaa, waliokosa walisimama. Hata hivyo uhakiki si shukrani tupu, nasi walimu tuliopeleka wanafunzi wetu tuna haki ya kuuliza walirudi na nini.

Upande wa maneno, kazi ilikuwa njema. Wazungumzaji walieleza bila kubabaika kwamba hadi mwaka 1902 nchi yote hii, hata kupita Kisumu na kufika karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda. Kwamba mwaka huo Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, iliyogeuzwa Koloni la Kenya mwaka 1920. Na kwamba Wateso na Wasamia walijikuta chini ya serikali mbili bila kuhama nyumba zao. Mzee mmoja aliyeketi mbele yangu alicheka sana aliposikia hayo. Sidhani kama alikuwa akifurahi.

Kasoro imo katika muziki. Baina ya hotuba na hotuba ngoma ilipigwa, watu wakatikisa mabega, kisha mshereheshaji akasema ahsanteni na historia ikaendelea, kana kwamba ngoma haikuwa sehemu yake. Muziki ulifanywa kachumbari: unakaa pembeni mwa sahani, wala hakuna aulizaye umetoka shamba gani.

Chukua akogo, ile ala ya Wateso yenye ndimi za chuma zilizopangwa juu ya kisanduku cha mbao na kubonyezwa kwa vidole gumba. Ilitambulishwa kuwa ala ya mababu tangu zamani za kale. Sivyo. Gerhard Kubik, aliyezichunguza ala za namna hii kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba likembe ya Kongo ilisafiri pamoja na wapagazi na vibarua wa enzi za ukoloni, ikaingia kaskazini mwa Uganda kupitia kwa Waaluri katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Waacholi na Walango wakaipokea, na Wateso nao wakaiita akogo. Basi akogo na mpaka ni karibu marika! Vyote viwili vilikuja na misukosuko ileile: kimoja watu walilazimishwa, kingine wakakichagua wenyewe na kukipa jina la nyumbani. Mhadhara uliotaja mpaka kwa tarehe yake, ukaiacha akogo ielee katika kale isiyo na mwaka, ulipoteza nusu ya kisa chake.

Kadhalika kinubi cha Jopadhola. Watu hawa lugha yao ni ya jamii ya Kiluo, na ndugu zao wa Kenya kinubi chao hukiita nyatiti. Lakini Jopadhola husema tongoli, na Wasoga, walio magharibi yao, husema ntongoli. Jina hilo moja ni hati ya ujirani, na hakuna aliyeifungua. Klaus Wachsmann, alipoyaongoza Makumbusho ya Uganda mpaka mwaka 1957, aliwaweka humo wanamuziki, Evaristo Muyinda akiwa miongoni mwao, wawapigie na kuwaeleza wageni. Ala haikuachwa inyamaze kabatini. Huku kwetu ilipigwa, ila haikuelezwa.

Liko pia suala la lugha. Hotuba zilitolewa kwa Kiingereza, zikafasiriwa mara kwa Kiteso mara kwa Kisamia, ilhali sokoni hapo jirani Mkenya na Mganda wanapatana bei ya samaki kwa Kiswahili. Uganda ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi. Wakuu wamekwisha kukikubali. Majukwaa bado yanakionea haya.

Siku ya mwisho msichana mmoja alimwuliza mpiga akogo, kwa Kiswahili safi, ala yake ilitoka wapi. Mzee akaiweka magotini, akaanza, "Baba yangu aliipata kwa mpita njia..." Mshereheshaji akachukua kipaza sauti, akatangaza kwamba maswali ni kwa wazungumzaji tu.